Jangwa la Ebeneza

Ujumbe wa sauti ulichezwa mara tatu, na kila ulipochezwa Ebeneza aliinua kidole juu ili watu wasipumue kwa kelele.

"Huku bwana," ilisema sauti ya mdogo wake Methusela kutoka Doha, "rangi tunaichanganya na maji ya kutosha, maana ukiipaka nzito inakaukia kwenye brashi kabla haijafika ukutani. Madirisha tunafunga yote, vumbi la jangwani lisiingie. Mara ya kwanza asubuhi, mara ya pili kabla ya chai ya saa nne, na mchana makabati yamesharudi mahali pake. Hatuna mchezo huku."

"Mmesikia?" Ebeneza alisema. "Hawana mchezo."

Mkewe Emilia alikuwa amesikia tangu mara ya kwanza. Alichungulia nje. Ilikuwa katikati ya Desemba, saa nne asubuhi, na ukungu wa Njombe ulikuwa umeshuka hadi kwenye banda la kuku. Mashuka aliyofua Ijumaa yalikuwa bado yanachuruzika kwenye kamba, na leo ilikuwa Jumatatu.

Fundi Sadock, aliyekuja kutoka Makambako na brashi zake ndani ya mfuko wa salfeti, alijikuna kidevu. "Mzee, mimi nisemeje? Kwetu Makambako kuna upepo, na hata huko mwezi huu hatuongezi maji. Hapa ukiongeza maji na kufunga madirisha, utakuwa umepaka uji ukutani."

"Wewe umewahi kupaka rangi Doha?"

"Doha sijapaka, mzee. Nimefika Mafinga."

"Basi," alisema Ebeneza, na mjadala ukaishia hapo.

Katika ukoo ule neno la Methusela lilikuwa limepanda cheo. Alipokuwa akichunga mbuzi huko Matamba, hakuna aliyemuuliza hata kama mvua itanyesha. Lakini baada ya miaka sita ya kusimamia mafundi rangi Uarabuni, watu walimpigia simu kumuuliza dawa ya kuku, jina la mtoto mchanga, na kama viazi vipandwe wiki hii au wiki ijayo. Na sasa alikuwa anakuja kula Krismasi nyumbani kwa kaka yake. Ebeneza, mtunza stoo wa kiwanda cha mbao na mzee wa kanisa, alikuwa ameapa kwamba mdogo wake hataona tofauti kati ya chumba atakacholala na vile alivyoviacha Doha.

Ubaya ni kwamba chumba hicho kilikuwa na mwenyewe. Alikuwa Bibi Anyisile, mama yao wote wawili, mwenye miaka sabini na minane na kifua kibovu. Mwezi wa nane alilazwa hospitali ya Tandala wiki tatu, na siku ya kumtoa, daktari hakuzungumza na Ebeneza aliyevaa tai, alizungumza na Emilia. "Mama, huyu bibi akipata baridi tena kwenye kifua, sitakudanganya. Umlaze pakavu, pasipo na moshi." Emilia alisema, "Nitamlaza." Toka siku hiyo aliishika ile ahadi kama mtu aliyebebeshwa yai katikati ya soko.

"Atalala wapi?" Emilia aliuliza sasa.

"Stoo, siku mbili tu. Kesho tunapaka, keshokutwa anarudi chumbani kwake mpaka mgeni atakapofika."

"Na mgeni akifika?"

"Tutaona."

"Baba Rejoice, stoo ina mbolea. Bati linavuja upande wa mparachichi. Mwache mama alale na mimi chumbani kwetu, wewe ulale hapa kwenye kochi."

Ebeneza aliangalia kochi, kisha akamwangalia fundi, kisha akashusha sauti kama mtu anayefundisha adabu bila kumwaibisha mwanafunzi. "Mwanamume mwenye nyumba alale sebuleni? Fundi atakwenda kusema nini Makambako?"

Fundi Sadock aliinama kufungua ndoo, akijifanya hana mpango wa kusema lolote Makambako.

Bibi Anyisile alihama mwenyewe. Alikunja blanketi lake, akachukua Biblia na kikombe chake cha bati, akapita mbele yao akiwa amejifunga kitenge juu ya sweta mbili. "Mimi ni mzigo mdogo," alisema. "Hata pembeni ya mbolea ninaenea."

Ebeneza alicheka, akidhani mama yake ametania.

*

Rangi ilipakwa Jumanne, rangi ya krimu, sebuleni na chumbani kwa Bibi. Chumba cha Ebeneza na mkewe kiliachwa kama kilivyokuwa, kwa sababu wageni hawaingii humo. Maji yaliongezwa kwa kipimo cha Doha. Madirisha yalifungwa, ili vumbi la jangwani lisiingie Njombe. Mara ya pili ilipakwa kabla ya chai, juu ya ile ya kwanza iliyokuwa bado inateremka.

"Mzee, mimi mkono wangu umetii," fundi Sadock alisema jioni, akiosha brashi. "Lakini watu wakiuliza nani alipaka, usinitaje." Akapokea ujira wake, na kwa kuwa maji yalikuwa yamefanya rangi iwe nyingi kuliko kuta, akaomba pia nusu ndoo iliyobaki, akapewa.

Jumatano rangi haikukauka, wala Alhamisi. Ebeneza alikuwa akitoka kazini anakwenda moja kwa moja ukutani hata kabla ya kuvua koti, anagusa kwa ncha ya kidole, anakitazama kidole, anasema, "Inakaribia." Anasogea hatua moja, anagusa tena. Hadi Ijumaa sebule nzima ilikuwa na mstari wa alama za vidole kwenye usawa wa kifua chake, kana kwamba kijiji kizima kimepita hapo kuweka dole gumba.

Jumuiya ilikuja kusali siku hiyohiyo. Ebeneza aliwapokea mlangoni kwa maelekezo. "Karibuni. Msiegemee. Kaeni mbele kidogo. Mama Lightness, mbele kidogo tena."

Watu kumi na wanne walisali wameketi kwenye ncha za viti kama kuku kwenye fito. Lakini sala ya Mama Lightness ilikuwa ndefu, kiti chake kilikuwa kimebana ukutani, na usingizi hauheshimu maelekezo. Aliposimama, koti lake la rangi ya udhurungi lilibaki nyuma kidogo, kisha likaachia ukuta kwa sauti ya mkate unaobanduliwa kwenye kikaango.

"Mungu wangu," alisema Mama Lightness akijipapasa mgongoni.

"Ni rangi ya Uarabuni," Ebeneza alimweleza. "Inashika sana."

"Naona. Imenishika mimi."

Wengine waliangalia sakafu. Mzee Yonathani, ambaye nyumba yake ina chokaa ya mwaka wa themanini na nne, alikohoa kicheko akakimalizia ndani ya kofia. Katikati ya minong'ono hiyo Emilia alisikia kikohozi kingine kikitoka stoo, kizito, chenye maji ndani yake. Akahesabu bila kutaka. Mara saba, kikapumzika, mara tano.

Wageni walipoondoka alimfuata mumewe. "Siku mbili zimekuwa nne. Mama anakohoa."

"Nimesikia. Sasa nimrudishe kwenye rangi mbichi? Si ndiyo itamuua?"

"Mrudishe kitandani kwangu."

"Kitandani kwetu," Ebeneza alimsahihisha, kisha akatulia, akiutazama ukuta. Uso wake uliangaza polepole kama taa ya sola. "Mama Rejoice, tatizo si rangi. Rangi ni sahihi. Kilichopungua ni jangwa."

"Ni nini?"

"Joto! Kule wana joto na sisi hatuna. Basi tutalitengeneza."

*

Jumamosi asubuhi Emilia alikwenda sokoni, kwenye meza yake ya masweta ya mtumba, maana Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi haikosi wateja na yeye hakutaka kukosa. Kabla ya kuondoka alimpa Bibi uji, akamfunika blanketi la pili.

"Mama, nirudi na nini?"

"Rudi na jua," Bibi alisema. "Kama wanauza."

Ebeneza alibaki nyumbani kutengeneza jangwa. Aliwasha majiko mawili ya mkaa uani, yakapata moto mwekundu. Akayaingiza chumbani kwa mama yake, kila moja pembe yake. Akahakikisha madirisha yamefungwa. Akatoka, akafunga mlango, akasokomeza gunia chini yake ili joto lisipotee hata kidogo. Kisha, akiwa ameridhika kabisa, akaenda kanisani kwenye kikao cha kamati ya mapambo.

Saa nane mchana Emilia alirudi na soksi za sufu. Alikwenda nazo moja kwa moja stoo. Blanketi lilikuwa limetupwa pembeni, Biblia ilikuwa juu ya gunia la mbolea, kikombe cha bati kilikuwa chini ya tone linaloanguka kutoka kwenye bati. Bibi hakuwepo.

Aliita uani. Aliita chooni. Jogoo akamjibu.

Ndipo akaona gunia mlangoni pa kile chumba limekunjika kuelekea ndani, kama linavyokunjika pale mtu anapolikanyaga akiingia na kuliburuta na mlango. Emilia hakuhitaji kufikiri. Mtu mwenye baridi ya siku tano ananusa joto kutoka mbali kama nyuki anavyonusa ua, na chumba kile kilikuwa chake.

Alisukuma mlango kwa bega. Joto lilimpiga usoni, pamoja na harufu ya rangi na kitu kingine kizito kisicho na jina. Bibi Anyisile alikuwa ameketi chini kwenye godoro, karibu na jiko, mgongo ukutani, kichwa kimelala upande mmoja, ameshika mikono yake miwili kama mtu anayeota moto kwa furaha.

"Mama!"

Hakuitika. Emilia alimvuta. Mgongo na nywele nyeupe za Bibi viling'ang'ania ukutani kwa nusu sekunde, kisha vikaachia. Akamburuta kwa makwapa kupita sebuleni, hadi uani, hadi kwenye ukungu wenyewe uliolaaniwa wiki nzima, akamlaza kwenye mkeka akimpepea kwa zile soksi. Alipiga kelele ambayo hakujua anayo. Jirani yao Mama Lightness alipita kwenye ua wa matete badala ya kuuzunguka.

Bibi alitapika uji wa asubuhi, akafumbua jicho moja. "Nilipata joto," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa mapema mno.

*

Hospitali walimwekea hewa ya mtungi. Ebeneza alifika akikimbia, utepe wa dhahabu wa mapambo ukiwa bado umening'inia begani. Watu wa kwenye foleni walisogea wamwone vizuri bibi kizee aliyelala na nusu ya kichwa ikiwa rangi ya krimu, pamoja na sikio.

Muuguzi kijana, aliyekuwa akiandika, aliuliza bila kuinua kichwa, "Jiko la mkaa?"

"Ndiyo," Emilia alisema.

"Chumba kilifungwa?"

"Kilifungwa na gunia."

Muuguzi aliinua kichwa. "Mlikuwa mnakausha mahindi?"

"Rangi," Ebeneza alisema, akivua ule utepe taratibu. "Tulikuwa tunapaka rangi nyumba, kwa ajili ya sikukuu."

Yule msichana alimtazama Bibi, akatazama lile sikio, akamtazama tena Ebeneza. "Na yeye mlipanga kumpaka mara ngapi?"

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka kwa nguvu, akajifanya amepiga chafya. Ebeneza, ambaye kanisani husoma matangazo bila kukosea hata neno moja, aliukunja utepe mara mbili, akaukunjua. Emilia, ambaye kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa akimtafutia la kujibu, safari hii aliinama akaendelea kusugua sikio la mama mkwe wake kwa pamba yenye mafuta.

Jumapili jioni simu ya Ebeneza iliita wodini. Methusela alikuwa uwanja wa ndege, anacheka, nyuma yake watu wanapita na masanduku. Ebeneza alimwambia kwamba kila kitu kipo sawa, kwamba nyumba inamsubiri, kwamba mama amepumzika kidogo. Emilia alinyoosha mkono, akaichukua simu kutoka sikioni mwa mumewe. Hakuwahi kufanya hivyo maishani mwake.

"Shemeji, kamwene," alimsalimu kikwao. "Mama yuko hospitali," alisema, akamweleza yote, kuanzia maji hadi gunia.

"Shemeji," Methusela alisema, "nani aliwaambia muongeze maji kwenye rangi Njombe, mwezi wa kumi na mbili?"

"Wewe."

"Mimi? Mimi nilikuwa namsimulia kaka tunavyofanya kazi! Kaka aliniuliza, 'Habari za kazi?' Nikamwambia habari za kazi!" Akahema. "Na chumba cha mama mlikipaka ili iweje?"

"Ulale."

"Mimi nilitaka kulala kwenye mkeka kando ya kitanda cha mama, nimsikie akikoroma. Miaka sita, shemeji. Vyumba vyenye rangi ninavyo kila siku."

Simu ilikuwa na sauti kubwa. Ebeneza alisikia kila neno, na wodi nzima pia.

Jumatatu daktari alimruhusu Bibi, kwa sharti moja: asirudi kwenye harufu ya ile rangi, wala kwenye baridi. Ebeneza alitangulia kusema kwamba stoo itafagiliwa vizuri.

"Hapana," Emilia alisema. Alikuwa ameshika tayari mfuko wa nguo za Bibi. "Ninampeleka Makambako kwa dada Noela."

Ebeneza alimvuta pembeni, karibu na ndoo ya kunawia. "Mama Rejoice, unafahamu unachokisema? Mama yangu mzazi akale Krismasi ukweni kwangu, kana kwamba hana mtoto? Mimi nitapita wapi?"

"Utapita kulekule ulikopita na majiko."

"Watu watasema nini?"

Bibi Anyisile, aliyekuwa akivalishwa zile soksi za sufu, ndiye aliyejibu. "Watasema nyumba yako ni nzuri, mwanangu. Si ndicho ulichotaka?"

*

Nyumba ya Noela ipo upande wa Makambako ambako upepo unavuma tangu asubuhi, na kuta zake ni tofali tupu, ndani na nje. Lipu imekuwa ikingojwa tangu mumewe alipokuwa hai. Noela ndiye dada mkubwa wa Emilia. Wazazi wao walipofariki, yeye ndiye aliyepokea mahari, kwa hiyo kwa Ebeneza alikuwa mama mkwe kamili, na kwa mila Ebeneza hakuwa amepita sebule yake kuingia vyumba vya ndani hata siku moja.

Methusela alishuka kwenye basi hapohapo Makambako Jumanne jioni. Njombe hakufika. Alitandika mkeka kando ya kitanda cha mama yake kwenye chumba cha ndani, na Noela hakumkataza, maana yeye hakuoa kwao.

Siku ya Krismasi, baada ya ibada, Ebeneza alibisha hodi. Alibisha mara tatu, kama mkwe anavyopaswa, akiwa na koti lake jeusi, jogoo mkononi na mchele kilo tano. Kwa siku tatu alikuwa amelala peke yake katika ile nyumba ya krimu akiilinda isiguswe, na hakuna aliyekuja kuigusa.

Noela alimpokea kwa heshima zote. Heshima hizo zilikuwa adhabu. Alimpa kiti cha peke yake na meza ya peke yake, akamnawisha mikono, akainama na kurudi nyuma. Kutoka chumba cha ndani, nyuma ya pazia, kilikuja kicheko cha Methusela, kisha sauti ya Bibi ikisimulia mbuzi fulani aliyekula hati ya shamba. Hatua sita tu. Mtu yeyote angeweza kuingia, isipokuwa mkwe.

"Nani yuko na mama?" Ebeneza alimuuliza mkewe, ingawa alijua.

"Wote," Emilia alisema, akimwekea wali. Akaona jinsi mumewe alivyokuwa amekaa: kwenye ncha ya kiti, mgongo umenyooka, mbali na ukuta wa tofali. Alitaka kucheka. Badala yake akamwongezea nyama.

"Mwambie nimekuja kumchukua. Mwambie chumba kimekauka."

"Mwambie wewe."

Ebeneza alisafisha koo, akaelekeza sauti kwenye pazia, kama anavyofanya akisoma matangazo. "Mama! Shikamoo! Chumba chako kimekauka!"

Nyuma ya pazia kicheko kilikoma. Kikafuata kikohozi kimoja, chepesi, kikavu, na Emilia akasubiri cha pili ambacho hakikuja. Kisha pazia likasogezwa, na Bibi Anyisile akatoka mwenyewe, soksi za sufu miguuni, nywele upande mmoja zimenyolewa kabisa pale rangi ilipogoma kutoka. Alikwenda polepole hadi kwenye kiti cha mwanawe, akaushika mkono wa koti lake, akaugeuza kwenye mwanga. Karibu na kiwiko palikuwa na doa la krimu, bichi, linang'aa.

Ebeneza alilitazama doa hilo kama mtu anayeliona kwa mara ya kwanza. Pengine ndivyo ilivyokuwa. "Mama," alisema kwa sauti ambayo si ya matangazo, "sikujua kama utaingia mle."

"Kilikuwa chumba changu," Bibi alisema. "Ningeingia wapi?"

Alivuta kigoda, akaketi mbele yake, akaivuta sahani ya wali katikati ya ile meza ya mtu mmoja, akanawa. Noela alifungua mdomo, maana mkwe hali na mtu, akaufunga. Walikula wawili, mama na mwana. Sahani ilipokwisha Ebeneza aliuliza, kwa uangalifu, kama wanaondoka leo au kesho.

"Wewe ondoka leo, giza lisikukute njiani," Bibi alisema, akijifuta vidole. "Fika ufungue madirisha yote. Mimi nipo hapa." Kisha akageuza kichwa. "Emilia mwanangu, nitilie chai. Na wewe kaa chini, umesimama tangu asubuhi."

Emilia aliketi.